Huyu Anamnunulia Nani?

Ami yangu alikuwa dalali wa samaki Malindi, hapa Unguja. Kila nilipokwenda kumtazama akinadi, alinitaka niache kukodolea samaki macho, nitazame watu. Jodari kalala chini, haendi pahala. Wanaogeuka ni watu. Alinionesha kwa kidevu tu: yule anayepandisha bei ananunulia hoteli, aliye ubavuni mwake anajinunulia mwenyewe akachuuze Mwanakwerekwe, na yule wa tatu hana nia ya kununua kabisa, katumwa kuchochea bei. Ukishajua kila mmoja kasimama pale kwa ajili ya nani, alikuwa akisema, bei utaifahamu bila ya kufunzwa hesabu.

Siku hizi watu wa visiwani wameanza kununua hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam kwa simu ya mkononi. Dada yangu ni mmoja wao. Anafungua programu, anaona namba za kijani na nyekundu, anabonyeza, anangoja. Jioni moja akaniuliza jambo ambalo naamini wengi wanalo moyoni: fedha yangu ikishaondoka hapa, inapita mikononi mwa nani? Nikaona siwezi kumjibu vizuri kwa kumueleza kompyuta. Ilinibidi nianze na zama zile ambazo kila kazi ya soko ilikuwa na mtu wake, anaonekana kwa macho, kavaa koti la rangi yake na beji kifuani.

Soko la New York hujihesabia umri tangu tarehe 17 Mei 1792, siku madalali 24 walipotia saini makubaliano mafupi mtaani Wall Street. Waraka ule hausemi kitu kuhusu jengo wala kuhusu hisa ipi ni nzuri. Unasema mambo mawili: kwamba watapeana wao kwa wao nafasi ya kwanza katika kuuziana, na kwamba hawatatoza ujira ulio chini ya robo ya asilimia moja. Maana yake soko kubwa kuliko yote duniani lilianza na watu kukubaliana dalali alipwe nini na afanye biashara na nani. Mimi hilo limenikaa sana akilini.

Kwa miaka mingi biashara pale iliendeshwa kwa mwito. Wanachama wameketi, majina ya hisa yanasomwa moja baada ya moja, na kila jina likitajwa ndipo watu wanatoa bei zao. Mwaka 1871 utaratibu huo ukaachwa. Hisa zote zikawa zinauzwa kwa wakati mmoja, mfululizo, kila moja na pahala pake ukumbini. Badiliko hilo ndilo lililozalisha kazi nyingi za ukumbi tunazozisikia.

Tufuate oda moja ya zamani. Mtu yupo nyumbani kwake, mji wa mbali, anataka hisa 100 za kampuni ya reli. Anampigia simu wakala wake. Wakala anapeleka habari New York, inaingia kwenye kibanda kilichopo ukingoni mwa ukumbi. Hapo yupo karani. Kazi ya karani ni kusikia sawasawa na kuandika sawasawa, na yeye haruhusiwi kununua wala kuuza. Karatasi inakabidhiwa tarishi, kwa kawaida kijana, naye anaipeleka kwa dalali wa kampuni ya yule wakala, aliyesimama katikati ya umati. Dalali huyo akiwa kazidiwa, anazo oda nne mikononi na hisa zenyewe zimetawanyika pembe nne za ukumbi, anamuita dalali wa kujitegemea amchukulie baadhi. Hao wa kujitegemea walikuwa wanachama kamili lakini hawakuwa na wateja wao wenyewe. Waliishi kwa kuwabebea wenzao, na hapo zamani ujira wao ulikuwa dola 2 kwa kila hisa 100, hata wakajulikana kwa jina la madalali wa dola mbili.

Biashara ikishafungwa, mfanyakazi wa soko aliyesimama pale pale anaandika bei na idadi, na habari inakwenda kwenye mashine ya utepe, ile iliyobuniwa mwaka 1867 ili bei zisomwe mijini kote. Mwandishi huyu ni mtu muhimu kupita anavyodhaniwa. Bila yeye, bei ingebaki kuwa siri ya watu wawili.

Hapo sijamtaja bado aliyesimama katikati ya yote, naye ndiye ninayetaka kukaa naye zaidi. Kila hisa ilikuwa na msimamizi wake, mtu asiyeondoka pahala pake tangu kengele ya saa tatu na nusu asubuhi mpaka kengele ya saa kumi jioni. Alikuwa na daftari. Ndani ya daftari mliandikwa oda zote zilizokuwa mbali na bei ya wakati huo: huyu atanunua ikishuka mpaka hapa, yule atauza ikipanda mpaka pale. Dalali hawezi kusimama siku nzima kungojea bei imfikie, basi anamuachia msimamizi. Lakini msimamizi alikuwa na kazi ya pili vilevile. Wauzaji wakijaa na wanunuzi wakakosekana, alitakiwa atoe mtaji wake mwenyewe anunue, ili bei isiporomoke kwa pupa. Wanunuzi wakizidi, auze kutoka akiba yake. Wajibu wake ulikuwa soko lende kwa utulivu na kwa haki.

Tazama basi mtu huyu kashika nini. Mkono mmoja anatunza siri za wateja wa wengine, mkono wa pili anafanya biashara yake. Kanuni ilikuwa wazi: oda ya mteja mbele, yake nyuma. Panapo watu waadilifu, kazi hiyo ni hazina kwa soko. Panapo tamaa, hakuna kiti kitamu kama hicho. Mwezi wa Machi 2004 kampuni tano za wasimamizi wa New York zilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 240 kumaliza tuhuma kwamba zilikuwa zikijitanguliza zenyewe mbele ya wateja. Mwaka 2008 cheo hicho kikabadilishwa: msimamizi akapewa jukumu jipya la kutengeneza soko, lakini ile nafasi ya kuziona oda za watu kabla ya wengine akanyang'anywa.

London walilitazama tatizo hilo hilo mapema, na wakalitatua kwa njia ambayo mimi naiona ni ya busara kuliko zote. Waligawa watu makundi mawili na wakakataza mtu kuwa katika yote mawili. Kundi la kwanza ni madalali. Dalali anamtumikia mteja, anakula kamisheni, na haruhusiwi kuwa yeye ndiye muuzaji wa kile anachomtafutia mteja. Kundi la pili waliitwa majoba. Joba anauza na kununua kwa mtaji wake tu, na haruhusiwi kuzungumza na raia wa nje. Anazungumza na madalali peke yao.

Utamu upo katika namna walivyokutana. Dalali anamwendea joba ukumbini na kumuuliza bei ya hisa fulani. Hasemi kama anataka kununua au kuuza. Joba, asiyejua mwenzake yupo upande gani, analazimika kutaja bei mbili kwa pamoja: nitanunua kwa hii, nitauza kwa hii. Akizitaja bei zake zote mbili chini mno, huenda dalali ni mnunuzi, na atapunjika mwenyewe katika bei ya kuuzia. Akizitenga bei hizo mbili mbali mno, dalali atamuaga na kumwendea joba wa jirani. Kwa hiyo kutojua kwake kunamfanya aseme haki. Halafu neno likishatoka limetoka. Kaulimbiu ya soko lile kwa Kilatini ni kwamba neno langu ndio dhamana yangu, na biashara za fedha nyingi zilifungwa kwa mdomo mchana, karatasi zikafuata baadaye.

Hata ma-waita walikuwepo, wafanyakazi waliovaa sare, waliofungua milango, kupeleka ujumbe na kuita majina ya wanachama. Cheo chao ni masalia ya nyumba za kahawa za karne ya 17, ambamo biashara ya hisa ya London ilizaliwa. Mtu wa Mji Mkongwe hawezi kushangaa kwamba biashara kubwa inaweza kuanzia barazani penye buli la kahawa.

Utaratibu wa makundi mawili ulivunjwa tarehe 27 Oktoba 1986. Serikali ya Uingereza ilitaka ushindani na kamisheni nafuu, mabenki makubwa yakaruhusiwa kuwa dalali na joba kwa wakati mmoja, na bei zikahamia kwenye skrini. Ukumbi ukapwaya haraka mno. Kamisheni kweli zilishuka, siwezi kuikataa faida hiyo. Ila kilichopotea ni kitu ambacho hata mteja asiyesoma angeweza kukifahamu: kwamba huyu ni wangu, na yule si wangu.

Chicago ni habari nyingine, na nitaipitia kwa ufupi. Kule, katika biashara ya nafaka na mikataba ya baadaye, yaani ya kukubaliana bei leo kwa mali ya siku za mbele, watu walisimama ndani ya mashimo ya ngazi yenye pembe nane, wakipiga kelele na kuashiria kwa mikono. Kiganja kikielekea kwako, unanunua. Kikielekea nje, unauza. Idadi ikioneshwa kidevuni ni mojamoja, ikioneshwa kwenye paji la uso ni makumi. Humo walikuwemo madalali wa wateja, na walikuwemo wale wa kujitegemea waliofanya biashara kwa fedha zao, wakiingia na kutoka mara nyingi kwa siku. Wengine walikuwa wakifanya yote mawili. Mwaka 1989 ikajulikana kwamba maofisa wa FBI walikuwa wamejifanya wafanyabiashara ndani ya mashimo yale kwa muda mrefu, wakirekodi madalali waliowaibia wateja wao kwa kupanga bei na marafiki. Kelele zile zote, macho yale yote, na bado mambo yalipita.

Mtu wa Chicago nimpendaye ni yule asiyepigwa picha hata siku moja: karani wa kusuluhisha. Katika makelele, wawili huweza kuachana kila mmoja akiamini kitu chake. Mmoja kaandika kauza 50, mwenzake kaandika kanunua 15. Au wote wawili wanaamini wameuza. Asubuhi, kabla soko halijafunguliwa, makarani hawa walikuwa wakizunguka na karatasi zisizolingana, wakiwaita wahusika mpaka wakubaliane nani abebe hasara. Bila ya usuluhishi huo, soko lisingeweza kufunguliwa likiwa safi. Ami yangu naye alikuwa na mzee mmoja pale Malindi, kazi yake ni daftari na kumbukumbu, na wachuuzi wakigombana juu ya nani alitaja bei ya mwisho, neno la mzee ndilo lililokata.

Nimemtaja hapo juu yule anayechochea bei bila ya nia ya kununua. Sisi tumefunzwa tangu chuoni kwamba Mtume, rehma na amani zimshukie, amekataza jambo hilo, na linaitwa najshi. Watu hudhani masoko ya kisasa hayana mipaka ya namna hiyo. Yanayo. Kuweka oda kubwa kwa hila ili wengine wadhani pana uhitaji, kisha kuifuta, ni kosa la jinai Marekani. Kujiuzia mwenyewe hisa zako ili ionekane pana biashara ni kosa pia. Ndio maana katika kila soko, la ukumbi au la skrini, wapo watu ambao kazi yao ni kutazama mienendo tu na kuuliza maswali. Ukumbini walitembea baina ya umati. Sasa wapo mbele ya kompyuta, lakini kazi ni ile ile.

Jambo moja jingine haliwezi kuachwa. Ukumbi wa New York ulikuwa wa wanaume kwa muda mrefu wa kuaibisha. Mwaka 1943, vita vilipowachukua vijana, ndipo wanawake wakaanza kuonekana ukumbini, nao kama makarani. Kiti cha uanachama hakuna mwanamke aliyekinunua mpaka tarehe 28 Desemba 1967, alipokipata Muriel Siebert kwa dola 445,000. Katika wanaume kumi wa kwanza aliowaomba wamdhamini, tisa walikataa. Baada ya hapo alikuwa mwanamke peke yake katikati ya wanaume 1,365. Nikimueleza dada yangu habari hii alinyamaza, kisha akataka nimtajie jina tena ili alikariri.

Huku kwetu Afrika Mashariki kumbi zilikuwepo pia, ingawa ndogo. Soko la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954, na kwa miaka mingi hisa ziliuzwa kwa mazungumzo ya madalali wachache. Mwaka 1991 ndipo likapata ukumbi wa kupaza sauti, na mwaka 2006 kompyuta zikauchukua. Soko la Dar es Salaam liliandikishwa mwaka 1996, likaanza kuuza mwezi wa Aprili 1998 kwa hisa za kampuni moja tu, TOL, iliyokuwa ikiuza gesi ya oksijeni. Nalo likaingia kwenye mfumo wa kompyuta mwaka 2006. Kwa hiyo wapo watu bado hai, wala si wazee sana, waliosimama ukumbini Dar es Salaam wakatajiana bei ana kwa ana. Ningependa mtu awahoji kabla kumbukumbu hazijapotea.

Mama yangu ni mtu wa Pemba, na yeye aliniuliza swali lililonilazimisha kufikiri upya. Kwani kila kitu lazima kiwe na ukumbi? Karafuu haina. Ni kweli. Tangu Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar lilipoanzishwa mwaka 1968, mkulima anauza kwa mnunuzi mmoja, kwa bei iliyotangazwa. Kituoni Wete au Mkoani anakutana na mpimaji wa daraja, na wa mizani, na karani, na mlipaji. Kazi zimegawika, lakini hakuna hata mmoja wao anayeweza kusemezana naye juu ya bei. Mwaka 1937 Wapemba na Waunguja waliwahi kuona upande wa pili wa jambo hili: sheria mpya iliipa jumuiya ya wakulima mamlaka ya kuhodhi biashara ya kupeleka karafuu nje, wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na mzozo ukaendelea mpaka 1938. Mama yangu anaipenda bei iliyotangazwa kwa sababu haimuamshi usiku. Mimi namuelewa. Lakini bei isiyoshindaniwa ina dalali wake pia, ila haonekani, na anapokosea hakuna joba wa jirani wa kumkimbilia.

Nirudi kwenye simu ya dada yangu. Akibonyeza kununua, oda inapita kwa wakala wa hisa mwenye leseni, ingawa hamuoni. Huyo ndiye dalali wa ukumbini. Kisha inaingia kwenye mashine inayozipanga oda kwa bei, na zikilingana bei, iliyotangulia kufika inatangulia. Hilo ndilo daftari la msimamizi, na mashine haina mtaji wake wa kulinda wala ndugu wa kumpendelea. Lakini mashine haiwezi kutoa fedha mfukoni ikanunua pale wanunuzi wanapokosekana. Ndio maana kwa hisa zisizo na wafanyabiashara wengi oda yake hukaa siku kadhaa bila ya kuguswa, naye anadhani simu imeharibika. Simu ni nzima. Upande wa pili hakuna mtu.

Mwezi wa Machi 2020 New York walifunga ukumbi wao kwa ajili ya korona, na soko likaendelea kwa kompyuta tupu mpaka walipoanza kurudi mwishoni mwa Mei. Wapo waliosema hapo imethibitika kwamba watu hawahitajiki. Mimi naona imethibitika kwamba kupeleka oda hakuhitaji miguu. Nani asimame katikati siku ya kiwewe ni suala jingine, na programu haijalijibu.

Sasa zimekuja na Sukuk, hati za uwekezaji zinazofuata sharia ya Kiislamu. Mwaka 2025 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilizindua yake, na watu waliokuwa wakijitenga na hatifungani kwa kuogopa riba wameanza kusogea. Hapo pana mtu ambaye Wall Street ya zamani haikumjua: mwanazuoni wa sharia anayekagua mkataba na kuthibitisha kwamba faida inatokana na mali au mradi, si na mkopo. Natamani watu wetu wamuulize maswali kwa ukali ule ule wanaomuuliza dalali. Amesoma mkataba mzima au muhtasari? Ataukagua tena mwakani? Analipwa na nani?

Mwisho nilimuomba dada yangu afungue taarifa ya ununuzi wake wa kwanza, tukaisoma pamoja, maana watu wote niliowaeleza wamo humo. Kamisheni ya wakala ni ya dalali. Ada ya soko ni ya wenye ukumbi, hata kama ukumbi wenyewe sasa ni kompyuta. Ada ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ni ya yule anayetembea baina ya umati akitazama. Ada ya CDS ni ya mtunza daftari la nani anamiliki nini. Na pana kijimstari kidogo cha mfuko wa fidia, uliowekwa kwa ajili ya mteja ambaye wakala wake atashindwa kumlipa haki yake. Alikuwa akidhani makato yale yote ni ya kampuni moja. Akaniambia nimuandikie kwa kalamu, ubavuni mwa kila mstari, nani anafanya kazi gani, ili amuoneshe jirani yake wa Jang'ombe anayetaka kufungua akaunti wiki ijayo.